Kucheza Mzee wa Kanisa

Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo sijui zile njia kubwa za kamari hupataje majina ya watu. Hii yetu ya hapa Roret najua, ama nafikiri najua.

Kwenye kituo cha majani chai, tukingoja lori la kiwanda, tunacheza kilo. Kikapu kinaletwa kwa mizani, kila mtu anataja uzito anaodhani, halafu karani anapima. Aliyekaribia zaidi anakula mandazi, wengine tunalipa. Ni kamari? Mimi naona ni kamari kidogo.

Jirani yangu, mzee wa kanisa letu, ananyamaza mpaka wote tumalize. Halafu anavua kofia, anakiangalia kikapu kwa huruma kama ameenda kuona mgonjwa, anachukua ile namba yetu kubwa zaidi na kuongeza robo. Ukisema ishirini, yeye ishirini na robo. Basi namba zote za juu ya hapo zinakuwa zake, na majani yenye umande huwa mazito kuliko unavyodhani. Alikula mandazi mpaka tukaogopa ataugua! Vijana wakaiita njia hiyo kucheza Mzee wa Kanisa. Haikukawia, binamu yangu wa Kiptere akanipigia simu: "Leo nimecheza Mzee wa Kanisa nikashinda soda!" Na mzee mwenyewe hamjui hata kwa sura.

Shida ni kwamba uchaguzi wa mwenyekiti wa kanisa ulikuwa karibu, na mzee aliutaka huo uenyekiti sana. Akaja jikoni kwangu.

"Mama, wewe huongei uongo. Jumapili pasta atauliza hili jina limetoka wapi. Sema si mimi nilianza."

"Lakini mzee, si wewe hucheza?"

"Kucheza nacheza. Mimi nasema kuanza."

Kuanza nilijua, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wa kwanza niliyemwona akiongeza robo ni mke wa pasta.

Jumapili pasta akauliza, nikasimama. "Mzee hakuanza. Mimi niliona kwanza kwa mama pasta. Labda kuna aliyemtangulia nikiwa sipo, siwezi kuapa."

Mama pasta akainuka kwa nguvu mpaka benchi likalia.

"Ni kweli, ni yangu! Sasa mbona inaitwa huyu? Kuanzia leo ni kucheza Mama Pasta!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Pasta akainamia Biblia, mgongo unatetemeka. Mzee sasa alikuwa ameponyoka, angenyamaza tu. Wapi! Akaruka juu.

"Mama, tusikizane. Robo ni yako, sawa. Kuvua kofia je? Kuhurumia kikapu, ulihurumia lini wewe?"

"Mzee," pasta akasema akipangusa macho, "unataka kiti ama unataka jina?"

Mzee akaangalia kile kiti cha mbele, akaangalia vijana walioketi nyuma.

"Jina limefika Kiptere, pasta. Kiti kitaishia hapa tu."

Tukachagua mwalimu mmoja mpole. Mama pasta hajakubali hilo jina, na kusema haki, naona ana kesi. Jumatatu wote wawili walikuja kwa mizani. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake ataje kilo kwanza, mpaka lori likafika na karani akapima bila wao.