Treni Iliyonichukua Mbele ya Mama Mkwe

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana tangu siku ile hakuna harusi wala maulidi hapa Dallas nitakayokwenda bila mtu kuniuliza "treni yako hajambo?", na bora aibu hii muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa jirani yangu Athmani, ambaye kila akiisimulia ananiongezea pingu.

Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukikaa mtaa wa Vickery Meadow mimi na mke wangu Rukia. Ndoa ilikuwa na mwaka na kitu, na mama yake alikuwa hajanitia machoni hata siku moja. Tulioana huku huku, yeye yuko Mombasa, na habari zilizonifikia ni kwamba hakupendezwa, binti yake kuolewa na mtu ambaye kwao hata hapajulikani. Basi mama akaja Chicago kwa mwanawe wa kiume, na kwa vile ndege ilivyomtikisa njiani akaapa hapandi tena (nyumbani atarudi vipi, hatukuthubutu kuuliza), akatiwa kwenye treni aje kwetu. Rukia alikuwa kazini, anatunza wazee. Akaniambia, "Simama pale chini, msalimie vizuri, mlete nyumbani. Basi. Usizidishe."

Nilifika stesheni kuu nimevaa kanzu iliyopigwa pasi ikapigika, lakini nimechelewa, nimezunguka weee natafuta pa kuegesha, na simu nimeisahau garini inachaji. Treni ilikuwa imeshasimama kitambo. Mhudumu wa behewa akanieleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba kuna bibi ghorofa ya juu ya behewa amekataa kushuka mpaka amwone mtu wake, akaongeza na jambo jingine kuhusu mizigo, mimi naitikia "yes, yes" huku nishapanda ngazi (hilo jingine ndilo lililokuwa lenyewe, lakini ngojeni).

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akanipima kuanzia kofia hadi makubadhi. Nikamshusha polepole, nikamkabidhi kwa mhudumu, na lau ningeishia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zake. Lakini mama akauliza, "Na begi langu la kijani?" Nami, kwa kutaka nionekane mwanamume wa kutegemewa, nikasema, "Hilo niachie mimi," nikapanda tena mbio.

Begi la kijani nililiona, zito kama limejazwa mawe ya kusagia. Nikalivuta, nikalikumbatia, na ndipo nikahisi sakafu inateleza chini ya miguu yangu. Kutazama dirishani, namwona mama mkwe anarudi nyuma taratibu, yeye na nguzo za stesheni, kanyanyua mkono, na miguuni pake pana begi la kijani. La kwake. Mhudumu alishalishusha zamani, na ndilo alilokuwa akinieleza.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya upole. "Samahani, bwana, begi langu unalipeleka wapi?" Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye kofia pana. Behewa zima likanigeukia, mimi na kanzu yangu, begi la watu kifuani, tiketi sina. Akaja mkagua tiketi, nikamweleza habari ya mama mkwe huku jasho linanitoka, watu wakacheka hadi wengine wakafuta machozi. Akasema treni hairudi nyuma kwa ajili ya mama mkwe wa mtu, kituo kinachofuata ni Fort Worth, lakini atapeleka habari Dallas kwa redio.

Habari ikafika. Pale stesheni palikuwa na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, akifanya usafi, anaitwa Mama Furaha, akamwona mama mkwe analia, akamwendea kumfariji kwa Kiswahili cha kwao. "Mama, usilie. Train ndiyo imemukamata, juu ya begi ya watu. Atarudia tu."

Sasa kwao "juu ya" ni kwa sababu ya, na "atarudia" ni atarudi. Mama mkwe wangu wa Mombasa yeye alisikia hivi: mkwe amekamatwa, kwa begi la watu, na atarudia tena! Akatoa karatasi yenye namba ya Rukia, wakapiga kwa simu ya Mama Furaha. Rukia akampigia Athmani, Athmani akapiga simu msikitini.

Mimi Fort Worth nikapanda treni nyingine ya kurudi, njia nzima natunga maneno ya kumwomba mama radhi. Nikashuka Dallas nikakuta watu saba wamenipangia mstari. Rukia na nguo za kazini, macho mekundu. Sheikh na tasbihi. Athmani kavaa tai, eti amekuja kunisimamia kwa polisi. Na katikati, kwenye kiti, mama mkwe.

Ikabidi nieleze yote, moja baada ya jingine, mbele yao na mbele ya abiria wanaopita. Nikajua ndoa yangu inaamuliwa papo hapo. Mama akamgeukia binti yake.

"Huyu si mwivi," akasema. "Mwivi hawezi kuwa mjinga kiasi hiki."

Sheikh ndiye aliyeanza kucheka. Rukia alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, ndipo akakumbuka kukasirika. Mama akasimama, akanishika mkono, akasema, "Twende nyumbani, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na mpaka leo sijapata kuitwa mjinga kukaniletea heri kama siku ile.

Lakini nimekoma. Sasa nikienda kumpokea mgeni nasimama chini, mbali na reli, mikono nimeifunga nyuma, na mgeni ashuke na vyake mwenyewe, hata akija na friji.