Boga Lililoondoka Zima

Jina lisikutishe. Bibi Kisu hajawahi kuchinja hata kuku. Jina alilipata kwenye maonyesho ya chama cha wakulima, na chanzo chake ni wizi.

Mwaka wa kwanza, chama kikiwa bado kinakutana kwenye banda la mashine ya kusaga, mkulima mmoja alishinda kwa boga zito ajabu. Aliyelinunua akalipasua jikoni kwake, mchanga ukamwagika mpaka kwenye sufuria! Kumbe lilitobolewa penye kikonyo, likazibwa kwa nta. Basi wakakata shauri: boga litakaloshinda lipasuliwe hadharani, na mbegu zake wagawiwe watu wote wakapande. Kisu akapewa yeye, maana alikuwa hana haya wala upendeleo. Miaka ikaenda, kijiji kizima kikawa kinalima maboga ya kuringia.

Mwaka huu alishinda mwenyekiti, shoga yake tangu wakiwa wasichana. Na mbegu za boga lile alizipata wapi? Kwa Bibi Kisu mwenyewe, pale ukame ulipomkaushia shamba. Ndiyo maana bibi alipanda jukwaani ametabasamu utadhani kashinda yeye. Chini watu walishapanga foleni na vikopo vyao.

"Nianzie wapi, shoga?"

Mwenyekiti akamshika mkono. "Usikate. Kampuni ya mbegu inalichukua hivyo hivyo, zima. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana nani na nani?"

"Kamati."

"Kwani mimi si kamati?"

"Siku ile ulikuwa na mafua, nikaona nisikusumbue."

Mafua, jamani! Bibi Kisu akamgeukia mwanawe, katibu wa chama. Siku za mafua yale ndiye aliyekuwa akimletea uji kitandani, na hakutamka neno. Kijana akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Na hawa wanaosubiri?" bibi akauliza.

"Waambie wewe, shoga yangu. Mimi watanizomea. Wewe wanakupenda."

Mwenyekiti akashuka zake kuelekea kwenye gari la kampuni. Nyuma yake mwanawe bibi na wenzake walilibeba boga, limefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Bibi akabaki na kipaza sauti. "Wanangu, leo hakuna mbegu."

"Hakuna vipi?"

"Boga limechukuliwa zima. Na mimi nimejua sasa hivi."

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Sasa hivi!" fundi baiskeli akapaza sauti. "Mwanao si yule pale kalibeba? Au naye kajua sasa hivi?"

Bibi akakishusha kipaza sauti. Mwana alikuwa wake, shoga alikuwa wake, hata mbegu zilikuwa zake. Jirani yake, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akafunika kopo lake na kumvuta mtoto.

"Twende, mwanangu. Kumbe na huyu yumo."