Maji Yaliyomuuma Mama Mkwe

Kwetu Magharibi mwa Kenya, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawali meza moja, hawakai wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja huacha njia mpaka mwenzake apite. Kwenye boma lenye uwanja mpana mambo hayo ni rahisi. Hebu yajaribu kwenye flati ya Nyayo Highrise, Nairobi, ambapo mlango wa chumba cha kulala unatazamana na mlango wa bafu, na katikati hapo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega.

Flati ilikuwa ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa amepata kazi ya ofisi, akahama chumba chake cha mabati kule Kianda, Kibera, akapanda ghorofani, na tangu siku hiyo akaanza kuongea polepole kama mtu anayesoma habari redioni. Mimi nilikuwa naishi mabandani Kawangware na kazi yangu ilikuwa maji moto. Nilitengeneza mitungi ya kuchemshia maji kwenye nyumba za matajiri, na zile shawa za stima ambazo maji huingia baridi na kutoka yakiwa moto. Mimi mwenyewe nilioga maji baridi kwa beseni, nyuma ya mabati, lakini kazi ni kazi. Shemeji alipotaka shawa hakuniita. Alimleta fundi wa mjini, mwenye pikapu na ngazi. Iliniuma, sikatai. Nilimwambia mke wangu kwamba kaka yake anadhani sisi wa Kawangware tunajua kupigilia misumari tu, akaniambia niache roho mbaya.

Kisha mama mkwe akaletwa Nairobi kwa sababu ya goti. Daktari alisema likandwe kwa maji moto kila siku, la sivyo litakakamaa. Mwanawe akasema shida iko wapi, maji moto si yako bafuni? Siku za kwanza mama alioga vizuri. Halafu akaanza kulikwepa bafu. Akawa anachota maji baridi jikoni na kujipangusa chumbani, goti likavimba, akaanza kuomba arudishwe nyumbani. Wakimbana aseme tatizo ni nini, anajibu neno moja tu: maji yanauma.

Shemeji alicheka sana. "Ushamba tu huo. Anaogopa stima. Sisi sote tunaoga humo na hakuna aliyeumwa."

Mke wangu hakucheka. Aliniomba niende naye Jumapili baada ya kanisa.

Nilipoingia, mama alikuwa ameshajifungia chumbani, kama inavyotakiwa. Nikazima swichi, nikafungua kichwa cha shawa. Waya zilikuwa zimekazwa, kipasha maji hakikuwa na ufa, na waya wa ardhi, ule wa kijani unaotakiwa kuupeleka chini umeme ukivuja, ulikuwa mahali pake ukiingia ukutani. Nikafunga, nikawasha, nikafungulia maji. Nikaweka mkono. Moto safi, hayaumi. Testa yangu, ile bisibisi ya kupimia stima, iliwaka kidogo sana kwenye bomba, lakini testa nazo hudanganya.

Sasa fundi yeyote atakuambia, ukikosa tatizo kwenye mashine unamwuliza anayeitumia. Ulikuwa umesimama wapi? Ulishika nini? Na anayeitumia hapa alikuwa mama mkwe wangu, naye huitumia akiwa uchi.

"Muulize yanamuuma wapi," nikamnong'oneza mke wangu.

Akaingia chumbani, akatoka. "Anasema mwilini."

"Mwilini sehemu gani?"

"Wewe! Unataka mama yangu ajibu nini?"

"Muulize basi anaogaje."

"Baba watoto, una wazimu? Nimuulize mama anaogaje, halafu nije nikwambie wewe?"

Kutoka sebuleni shemeji akapaza sauti juu ya televisheni kwamba hakuna kitu, nifunge vyombo vyangu tunywe chai. Na haki ya Mungu nilitaka kufunga. Nilishachukua bisibisi. Lakini nilipoinama niliona ndara zimepangwa mlangoni pa bafu, za mpira, za shemeji na mkewe na za watoto. Za mama hazikuwepo. Viatu vyake vilikuwa mlango wa mbele, pale alipovivua siku aliyofika.

Raba haipitishi stima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa buti za raba. Ikiwa mama alikuwa akikanyaga simiti iliyolowa kwa miguu mitupu, basi ushamba haukuwepo hapo, na mtu wa umri ule akishikwa na stima akiwa amelowa mwili mzima hatapona. Ilibidi nijue. Mke wangu alikuwa ameshagoma, amekaa kitandani kwa mama yake amenuna.

Nikageuka nikaupa mlango wa chumba cha mama mgongo. Nikakazia macho ukuta wa bafu. Nilisema kwa Kiswahili, maana kwa lugha ya kwetu maneno yale yangekataa kutoka.

"Mama, nisamehe. Nataka kukuuliza jambo la aibu."

"Uliza," sauti ikatoka chumbani.

"Ukioga, miguu unaiweka wapi?"

"Chini. Ningeiweka wapi?"

"Ina ndara?"

"Mtu huoga na viatu?"

Nilitamani ardhi inimeze, ila nilikuwa ghorofani na hata ardhi ilikuwa mbali. "Na maji yakikuuma, mkono unakuwa umeshika nini?"

Nilimsikia mke wangu akisema, "Mama, achana naye." Lakini akajibu.

"Mfereji. Nikitaka kufunga. Mkono unakataa kuachia. Ile siku ya mwisho ulikataa mpaka nikaanguka, uzito wangu ndio ukauvuta."

Nikasahau adabu yote. "Mama! Na ukanyamaza? Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Shawa umefunga wewe. Niende nimwambie mwanangu kwamba mkwe wangu ananiua? Angekudharau. Nikaona heri nioge baridi nirudi nyumbani, nawe ubaki na jina lako."

Kumbe alidhani ni mimi. Bila shaka angedhani hivyo. Anajua kazi ya mkwewe, na hakuna aliyemwambia jingine. Nilifungua mdomo. Televisheni ilikuwa imenyamaza, nikajua shemeji anasikia kila neno. Nikasubiri. Alihitaji kusema kitu kidogo tu: Mama, si yeye. Na mke wangu naye alijua, alikuwa pale pale kando ya mama yake. Shemeji alikohoa. Mke wangu hata hakukohoa.

Ningesema mimi, ningekuwa namwambia mama mkwe kwamba mwanawe, ambaye mama anakula na kulala kwake, ndiye aliyeleta fundi wa kumuua na kisha akamcheka. Ningelisema hilo kupitia mlango wa chumba chake. Aibu ile haikuwa yangu, na bado iliniunguza kama yangu.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nitaifunga vizuri."

Nikaenda kwenye boksi la swichi, nikalifungua. Ule waya wa kijani uliotoka bafuni ulifika hapo ukaishia. Ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukafungwa utepe mweusi, kwa sababu fundi wa mjini aliona uvivu kuuvuta mpaka mwisho. Nikamwita shemeji aje kuona. Alikuja, akautazama, akatazama dirishani kule mabati ya Kibera yanapoanza. Niliuunga waya, nikabadilisha kipasha maji, maana kilikuwa kikivujisha stima bila kuonyesha ufa, nikavua buti na soksi, nikakanyaga simiti iliyolowa na kushika mfereji kwa mkono mzima. Haukunishika.

Kwetu, mkwe akimkosea mama mkwe heshima hupeleka blanketi. Mimi nilikuwa nimemuuliza anaogaje, na kwa kulilinda jina langu nusura afe. Jumapili iliyofuata nilinunua blanketi zito Kawangware nikalipeleka. Goti lilikuwa limeanza kunywea, mke wangu aliniambia. Mama alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Singeweza kumkabidhi mwenyewe. Blanketi hupokewa na mwanawe mkubwa, na huyo ndiye shemeji.

Shemeji alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Sauti ya mama ikatoka chumbani, kwa lugha ya kwetu, ikamwambia mwanawe anifikishie neno. Nililisikia vizuri kabisa, lakini desturi haituruhusu kusemeshana moja kwa moja, ikabidi nisimame nisubiri nifikishiwe.

Shemeji alibaki amelikumbatia blanketi. Mama akamhimiza tena, kwa ukali kidogo.

"Anasema," shemeji akaniambia, macho chini, "anasema amekusamehe."