Mtani Niliyemfukuza Msibani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kama ningeweza kuisahau ningeshaisahau. Ni siku tuliyomzika bibi yangu kule Mngeta. Nimeikumbuka jana uliponiambia kwamba chuoni mnafundishwa kuwa raia wa dunia. Vizuri. Na mimi nilifundishwa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwaka wa pili Dar es Salaam, na kozi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya maendeleo. Mwalimu wetu alitusomesha habari za wakimbizi, za Afrika Kusini iliyokuwa imetoka kupiga kura, za mila za mataifa ambayo hata kwenye ramani nilikuwa siyajui. Nikaandika insha ndefu kwamba binadamu wote ni ndugu. Nikasifiwa mbele ya darasa. Basi kichwa kikavimba, weee!

Habari ya msiba iliponifikia, nilipanda treni na rafiki yangu Henrik, mwanafunzi mwenzangu wa kutoka Denmark. Yeye ndiye aliyeomba kunisindikiza. Njia nzima nilikuwa na wasiwasi mmoja tu: atatuonaje?

Tulipofika, nje pale alikuwapo Bibi Komba, Mngoni wa Mlimba. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani, hilo unalijua, na msibani mtani ndiye anayewachekesha wafiwa na kuchimba kaburi. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, amejipaka majivu usoni, anaigiza mwendo wake wa kuchechemea. Akaenda mpaka kwenye jeneza akaligonga. "Amka, mvivu wewe! Mpunga umemwachia nani? Leo hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo!" Waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka. Akamgeukia Henrik: "Na huyu mweupe ni wangu, nitamtwangisha!" Henrik hakuelewa hata neno, lakini alicheka na yeye.

Mimi sikucheka. Niliona aibu, mwanangu. Nikasimama na shati langu la chuo nikasema kwa sauti, "Mama, heshimu msiba. Kama umelewa, ondoka!"

Bibi Komba hakuwa amelewa, kila mtu alijua. Aliivua ile kanga, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya mkeka. "Samahani, baba," aliniambia. Akaondoka. Wanawe ndio waliokuwa wanachimba kaburi. Waliposikia, waliweka majembe chini wakamfuata mama yao, na kaburi lilikuwa limefika kiunoni tu.

Baba yangu hakunigombeza. Afadhali angenizaba kofi. Aliwakimbilia, mzee mzima, akawapigia magoti kwenye matope ya barabarani mbele ya watu. Nilimtazama nikitamani ardhi inimeze. Walirudi, wakachimba, wakamzika bibi. Lakini hakuna aliyetania tena, na bibi yangu, mwanamke aliyependa kucheka kuliko wote pale, alizikwa kimya kama mtu asiye na kwao.

Usiku baba aliniambia maneno machache. "Wangoni walitupiga vita zamani, na damu ilimwagika. Wazee wangeweza kuturithisha kisasi. Wakaturithisha utani. Ninyi huko chuoni mnafundishwa nini?"

Hayo hayo ya watu kupatana ndiyo yaliyojaa kwenye kozi yangu yote, na nilikuwa nimeyafukuza nyumbani kwetu kwa ajili ya macho ya mgeni mmoja, ambaye wala hakuwa na neno.

Niliona haya kwenda kumwomba radhi. Mwaka huu, mwaka ujao, hivyo hivyo, mpaka nikasikia Bibi Komba amefariki. Nikaenda Mlimba. Njiani nilijipangia utani, na nilipofika uani nikapaza sauti, "Leo Mngoni mmoja kapungua, Wapogoro tutalala milango wazi!"

Hakuna aliyecheka. Mwanawe mkubwa alinyanyuka akanipa mkono kwa adabu. "Asante kwa kuja, mheshimiwa. Karibu kiti." Mtani akikupa heshima namna hiyo, mwanangu, ujue amekufuta kwenye utani. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka jioni, na hakuna aliyenisogelea.

Basi nenda kasome. Kozi yako si mbaya, na hata yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilidhani dunia inaanzia mbali. Ukijifunza kumheshimu mtu wa ng'ambo, anza na jirani anayekuchimbia kaburi. Usimwonee haya mtu wa kwenu kwa kuwa kuna mgeni anatazama. Na ukikosea, omba radhi mapema, usingoje msiba kama mimi.

Mungu akutangulie huko uendako. Na siku utakayofiwa, mwanangu, akujalie asikosekane wa kukutania.