Shimo Lililoitikia Shikamoo

Jamani, kuna aibu ya kumhamisha mtu wilaya, na mimi yangu ilinitoa Mbuba ikanipeleka Nyabusozi kwa shangazi, nikajifanya nimeenda kulima.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na mimi nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha ngozi ambacho maji yake meusi yaliteremka hadi kijitoni, wanakochota wenyeji na watu wa kambini, watoto wakaanza kutoka vipele, mwenyekiti wa kijiji akaapa kutufungia. Aliyejitolea kutusaidia ni Mwalimu Bernardo, mkimbizi kutoka Burundi aliyefundisha kemia kwao. Alinionyesha kuloweka mkaa uliopondwa kwenye kutu iliyoyeyushwa kwa asidi, kuusuuza, kuukausha na kuukaanga, na mkaa huo ndio kichocheo: ukikutana na dawa ya povu (ile ya kuoshea vidonda, ila kali zaidi), uchafu unaungua ndani kwa ndani ya maji.

"Mwanangu, suuza mpaka maji yatoke meupe," alinisisitiza. "Halafu weka konzi moja tu."

Asubuhi ya kuwaonyesha wanakijiji, ukungu umeshuka hata mkono wako huuoni, Mwalimu hajafika, nami nikaona kusuuza ni kujichosha bure (si mkaa tu?), nikamimina dawa kwenye shimo la maji machafu ya kiwanda, nikafuatisha beseni zima la mkaa.

Kimya. Kisha shimo likashusha pumzi, ndefu, kama mgonjwa. Maji yakapata joto, povu jekundu likapanda, na juu ya povu ikainuka ngozi ya kichwa cha ng'ombe, masikio yamesimama, matundu ya macho yananitazama, inapanda taratibu mpaka ikalingana na uso wangu. Sijui nilifikiri nini, nikasema kwa heshima zote:

"Shikamoo."

"Marahaba," likajibu shimo.

Nilipiga ukunga, nikakimbia, nikawavamia akina mama wa kambini waliokuja na madumu yao, wakaanza kusali kwa Kirundi, mmoja akanimwagia maji akiniona nimepagawa. Ukungu ulipopanda, ng'ambo ya shimo alikuwa amesimama mwenyekiti, mkono bado kaunyoosha.

"Kijana," akauliza, "mbona salamu yangu unaikimbia?"

Walicheka mpaka Mwalimu akafika, akalitazama povu, akanitazama mimi, akasema tu, "Hukusuuza." Aliandaa kichocheo upya mwenyewe, kijito kikaanza kutakata, kiwanda kikapona. Mimi nikafunga virago. Siku hizi nikipewa kazi ya dawa nauliza mara mbili, nasuuza mara tatu, na penye ukungu simwamkii mtu mpaka nimwone miguu.