Kioo cha Nyuma na Mkono wa Baba

Majirani zetu wa Mji wa Kale walijua tumeamka kwa kusikia milango ikibamizwa. Baba alikuwa mpika halua, mikono imekomaa kwa kukoroga masufuria, na akikasirika hakuwa na maneno mengi. Alishika chochote kilicho karibu akakipiga na kingine. Kaka yangu na mimi tulirithi hasira hizo nzima nzima, bila kugawana. Wageni walidhani tunachukiana. Siku nyingine walikuwa hawajakosea.

Sukari ilipomla baba vidole vya mguu wa kulia, madaktari walivikata, ikawa kila siku ya pili apelekwe kusafishwa kidonda. Hakuweza kuukunja mguu. Tulilaza viti vya nyuma vya gari letu kuukuu, tukatandika godoro, naye akalala kichwa kikielekea kwa dereva na mguu ukielekea mlango wa nyuma, ule unaofunguka kwenda juu. Masika yalikuwa yameshaingia. Kioo cha mlango ule kilivuja, na tone likaanguka juu ya bandeji hasa. Daktari alituambia waziwazi: kidonda kikilowa tena, mguu utakatwa kwenye goti.

Kaka, ambaye hufunga makontena kule bandarini Kilindini, alikuwa na dawa moja ya kila ufa: kupaka silikoni kwa kidole. Aliipaka juu ya vumbi, juu ya chumvi, juu ya silikoni yake mwenyewe ya masika yaliyopita. Mimi nauza vioo vya magari dukani, na nimesimama na mafundi kiasi cha kujua kwamba kioo kilichogandishwa kwa gamu hakitibiwi kwa nje. Hung'olewa, kutu ikakwanguliwa, kikagandishwa upya. Nilipomwambia, alinijibu kuwa nataka kuvunja gari la baba kwa kujifanya fundi. Nikamwambia yeye anataka kumvunja baba mwenyewe. Tulinuniana mpaka baba akaamuru king'olewe.

Kioo cha aina ile hakiondoshwi na mtu mmoja. Hupenyezwa waya mwembamba kwenye gamu ya zamani, mmoja akakaa ndani, mwingine akasimama nje, wakauvuta kwa zamu kama watu wanaokata gogo kwa msumeno. Gari tuliliegesha karibu na Ngome ya Yesu, maana kichochoro chetu hakipitishi hata mkokoteni. Niliingia ndani, kaka akabaki nje. Tulitazamana kupitia kioo, na kila mmoja akavuta kwa kadiri alivyomchukia mwenzake. Alivuta nikiwa sijalegeza, waya ukapita kwenye kitambaa nilichojifunga mkononi ukanikata vidole. Nilingoja zamu yangu nikavuta kwa mwili wote, nikamsikia akiguna. Kioo kilipotoka, fremu ilikuwa na damu na sikujua ipi ni yangu. Niliifuta kwa spiriti pamoja na vumbi.

Nilikwangua kutu, nikapaka gamu mpya kwa mstari mnene usiokatika, tukakikandamiza kioo. Nilikuwa na sharti moja: hadi kesho vioo vya milango vibaki wazi. Gari likifungwa pande zote kisha mlango ukabamizwa, hewa hukosa pa kutokea, ikakisukuma kioo ambacho gamu yake haijakauka. Baba tulikuwa tumemweka kwa muda kiti cha mbele, kimesukumwa nyuma kabisa mguu upate kunyooka, akitutazama, mlango wake wazi. Manyunyu yakaanza. Kaka akazunguka akipandisha vioo, asije baba akaloa.

Nilimwita mpumbavu mbele ya wauza vinyago. Alinipiga kofi, sikio likavuma. Mkononi nilikuwa na bomba la gamu, lile la chuma; nikampiga nalo juu ya jicho, ngozi ikafunguka. Tukaangushana chini. Niliuma mkono uliokuwa shingoni mwangu, na bado naikumbuka ladha yake ya gamu na jasho. Watu walituvuta, hatukuvutika. Baba alipiga kelele tuache, lakini kelele zake tulizizoea tangu utotoni. Ndipo akaushika mlango wake akaubamiza, kwa mkono ule uliokoroga halua miaka yote.

Mshindo ulitutenganisha. Niliinuka, nikatema damu, nikakitazama kioo. Kilikuwa mahali pake.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwaga. Tulipofika hospitali nilifungua mlango wa nyuma nikakuta bandeji imelowa chepechepe. Kwenye pembe ya juu gamu ilikuwa imeachana na chuma, upenyo wa unene wa ukucha, na ilikuwa imesukumwa kutoka ndani. Nilielewa papo hapo. Niligeuka nikaita machela, kwa sababu baba alikuwa akinitazama.

Homa ilimshika. Wiki hiyo hiyo walimkata kwenye goti.

Kaka alinibana ukutani mle mle wodini, plasta juu ya jicho, mikono yote miwili shingoni mwangu.

"Gamu yako ndiyo iliyomkata," akasema. "Weye na ufundi wako."

Sikujitetea. Ningejitetea ningemtaja baba, na baba alikuwa kitandani karibu yetu, shuka limelala bapa pale palipokuwa na mguu. Mikono ilizidi kunibana, macho yakaanza kuingia giza.

Kikombe cha chuma kilimpata kaka kisogoni. Kilikuwa na chai.

"Mwate," baba akasema. "Mlango niliubamiza mie."

Kaka aliniachia. Alisimama chai ikimtiririka mgongoni, asijue amgeukie nani. Mkono wa baba ulikuwa bado juu, ukitafuta kitu kingine cha kurusha, na hakikuwepo. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda, na vyote viwili vilinikaba kuliko kaka.

Kioo tulikitoa tena. Safari hii kaka alivuta, akalegeza, akangoja. Nilikipaka gamu, nikateremsha vioo vya milango vyote, gari likalala hivyo chini ya turubai.

Siku ya kumtoa baba hospitali ilinyesha, na ndani hakukuingia hata tone. Baba aliketi mbele. Hakuwa tena na mguu wa kunyoosha. Alinyoosha mkono kuufunga mlango wake kama alivyozoea. Ukafika kwenye kishikio, ukasimama, akaurudisha pajani.

"Fungeni nyinyi," akasema.