Keria ya Kiti cha Mama

Mpaka leo nikiona gari dogo limebeba boksi jeusi juu ya paa, moyo wangu unachemka. Watu wa nyumbani wananiambia niyaache yaliyopita. Siyaachi.

Mama yangu ni wa Birongo. Alianguka akichuma chai, akavunjika mguu, kidogo tu juu ya goti. Plasta ilipotolewa goti likawa limegoma kukunjika. Kliniki moja ya mjini Kisii ikasema aletwe kila Jumapili, goti likunjwe na kunyooshwa polepole, na akikosakosa litakakamaa kabisa, asitembee tena sawasawa. Kliniki yenyewe ilikuwa ya Wasabato kama sisi, Jumamosi imefungwa, Jumapili wazi mpaka saa sita mchana.

Mimi na mume wangu tuliishi huko mjini. Alikuwa na gari dogo, lile ambalo ukifunga mlango huu kwa nguvu, wa upande ule unatikisika. Wikendi tulikuwa tukienda kwa wazazi wake Magwagwa, tunasali nao Sabato, na Jumapili asubuhi tunarudi. Kukunja kona kuingia Birongo tumchukue Mama ni mzunguko kidogo tu. Kwa kusema, ni rahisi.

Lakini Mama hakuweza kukunja mguu, kwa hiyo alihitaji kiti chote cha nyuma. Mbele, kando ya dereva, hangekaa hata umlipe. Kwetu mama na mkwewe wana chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni, na gari la mkwe hapandi mpaka binti yake awe ndani pamoja nao. Magari ya soko nayo hujaza watu mpaka kwenye buti. Mguu ulionyooka ungewekwa wapi? Teksi nilikodi nilipoweza, na sikuweza mara nyingi.

Na kiti chetu cha nyuma kilikuwa na wenyewe. Mama mkwe wangu hakuachi utoke kwake hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi, anasema, na hapo ameshaanza kupakia: mikungu ya ndizi, parachichi, viazi vitamu, kuku aliyefungwa miguu. Buti likijaa anahamia kiti cha nyuma. Kukataa ni kumtukana, na mume wangu, kitinda mimba wake, hajawahi kumkatalia kitu tangu azaliwe.

Basi nikamwambia mume wangu tununue keria. Mizigo ipande juu, Mama akae chini. Nilisema kwa maneno hayo hayo, naye akaitikia. Nilitoa pesa za zamu yangu ya chama cha akina mama nikampa.

Kumbe nilikuwa nimemfungulia mwanamume mlango wa starehe! Paa la gari letu halikuwa na reli, kwa hiyo vyuma vilipaswa kubana kwenye kingo za milango. Akapata vya mraba, akasema vitapiga mluzi kwenye upepo. Akaagiza vilivyo bapa. Vilipofika vikawa vya gari lenye paa pana zaidi, vikarudishwa. Kisha likaja suala la boksi. Lililo refu litagongana na mlango wa buti, lililo fupi halimezi mkungu. Lifunguke upande mmoja ama pande zote mbili? Jeusi ama kijivu? Tukila ananisomea kwenye simu uzito ambao paa linaweza kubeba, na Mama yuko Birongo anaulizia Jumapili. Nilimuuliza kama anachagua boksi ama mke wa pili. Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Mwishowe fundi akafunga vyuma, akaweka vipande vya mpira rangi isichubuke, boksi likapandishwa na kupigwa kufuli. Jeusi, linang'aa. Nilimpigia Mama nikamwambia Jumapili ajiandae mapema. Nilisikia raha ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu.

Kule Magwagwa mama mkwe alilizunguka gari akilipapasa boksi, akamshukuru Mungu kwamba mwanawe ameongezewa chumba. Chumba! Jumapili asubuhi akajaza boksi. Akajaza buti. Kisha, kama kawaida yake, akafungua mlango wa nyuma. Kwake boksi halikuwa limekuja kuondoa mizigo ndani. Lilikuwa limekuja kuongeza nafasi, na nafasi kwa mwanawe haiachwi wazi. Mimi ni mke wa mwana, siwezi kumshika mkono mama wa watu uani pake. Nilimvuta mume wangu kando, nikamkumbusha habari ya Mama. Akasema tusimharibie mama yake furaha, tutapanga mbele ya safari.

Mbele ya safari ilikuwa Birongo. Mama alikuwa ameketi kando ya barabara kwenye kiti cha plastiki, na gauni lake la kanisani, mguu umenyooka mbele yake, fimbo mapajani. Gari likasimama. Akaona boksi juu, akatabasamu. Kisha akaona kiti cha nyuma.

Nilimwambia mume wangu ashushe hizo ndizi, tuziache kwa Mama. Hakuzima hata injini.

"Mzigo wa mama haushushwi njiani," akasema. "Tena kwa wakwe!"

Mama alisikia. Akageuzia uso migomba asimtazame mkwewe, akaongea na mimi. "Nendeni, mwanangu. Zikishushwa hapa, kesho watasema nimekula zawadi za mwenzangu."

Nilishuka. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani hatua kwa hatua, na nyuma yetu nikasikia gari likiondoka.

Jumapili zilizofuata mambo yakawa yale yale. Ukipunguza viazi, kunaongezwa maboga. Tuligombana, nikanuna, nikakodi teksi, nikashindwa, nikakodi tena. Siku moja kule kliniki wakalijaribu goti, likakataa, wakaniambia limeshakakamaa. Hakuna haja ya kumsumbua mama kwa safari tena.

Niliporudi nilimwambia mume wangu hivyo hivyo, bila kupiga kelele. Jumapili iliyofuata, kule Magwagwa, alimkatalia mama yake kwa mara ya kwanza. Kiti cha nyuma akakipangusa mwenyewe kwa kitambaa, akatandika leso, akaendesha mpaka Birongo, akasimama mbali na mlango kama mkwe anavyopaswa. Akanituma nimwambie Mama kwamba leo kuna nafasi, aje tumpeleke.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mguu umenyooka mbele yake kama siku zote.

"Mwambie ahsante," akasema. "Lakini anipeleke wapi?"